Gitaa la nyuma

Waimbaji walikuwa wameshapisha, magitaa yameushika wimbo, ndipo Mzee akainua kiganja.

"Hebu punguza kidogo, mwanangu."

Nikapunguza. Akaisogezea sikio spika ya kulia, akatulia, kisha akaigeukia ya kushoto.

"Wenzangu wote nawasikia," akasema. "Solo lipo. Tumba zipo. Tarumbeta zipo. Gitaa langu liko wapi?"

Mzee ni jirani yetu hapa Magomeni. Ujanani alicharaza gitaa la rithimu kwenye bendi moja ya Dar, na wimbo ule waliurekodi wenyewe katika studio ya Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni Barabara ya Nyerere. Kaseti yenye wimbo huo niliitafuta kwa muda mrefu. Nilipoipata nikamwita aje ausikie kwenye muziki wangu, kwa sauti kubwa na safi. Aliusikiliza hadi mwisho, akamaliza chai yake, akashukuru, akaenda kuwahi Alasiri.

Swali lake hakuondoka nalo.

Tangu siku hiyo kila nikiwasha muziki nilikuwa nalitafuta gitaa la mtu mmoja, na sikulipata.

Herufi V

Watu wa rika langu tumekulia kwenye redio kaseti. Yetu ilikuwa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mbele ilikuwa na vitufe vitano vya kuteleza vya ikwalaiza, vya kupandisha na kushusha sauti za chini, za kati na za juu. Sikumbuki kuingia nyumba ambayo vitufe hivyo vilikuwa vimepangwa sawasawa. Vya pembeni vilipandishwa juu kabisa, cha katikati kikashushwa chini kabisa, na ukivitazama kwa pamoja unaona herufi V. Hakuna aliyetufundisha. Ukivipanga hivyo besi inanguruma, vile vya juu vinachacharika, na redio ndogo inajisikia kubwa.

Nilipoanza kujinunulia vyangu, niliendelea kuinunua V hiyo. Kwanza sabufa yenye nafasi ya flashi na memori kadi. Halafu hom thieta, ile yenye boksi moja zito la besi na vispika vyembamba vya kusimama. Halafu sabufa nyingine kubwa kuliko ile ya kwanza. Kila hatua ilikuwa na furaha yake, na sina neno baya juu ya vyombo hivyo. Singeli inayokimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika inataka kitu kinachosukuma hewa. Bongo Fleva ya leo inapikwa studio watu wakijua kabisa kwamba itapigwa kwenye sabufa, na inatoka vizuri humo.

Muziki wa Mzee haukupikwa kwa ajili ya sabufa.

Pale katikati

Nikaanza kusoma na kuuliza mafundi. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la kawaida, ukiupiga wazi, unatikisika mara 82 kwa sekunde. Ule mwembamba kuliko zote, ukiubana katikati ya urefu wake, unafika mara 659. Rithimu karibu yote inakaa humo, na ndimo inamokaa sauti ya binadamu anayeimba. Tarumbeta na saksafoni pia zinapita sana humo.

Sasa tazama chombo changu. Boksi la besi kazi yake ni chini, na likilazimishwa kupanda linaanza kukoroma. Vispika vya inchi 3 haviwezi kushuka. Vinaanza kufanya kazi ya maana juu ya mitikisiko 200 hivi. Kati ya hapo kila upande unamwachia mwenzake. Ukiongeza na ile V niliyokuwa naipenda, sehemu anayoishi mpiga rithimu ndiyo niliyoichimba shimo kwa mikono yangu.

Radio Tanzania walirekodi kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mtu wa Mpanda, Newala au Tandale mwenye redio ya betri ambayo spika yake haizidi upana wa kisahani cha chai. Redio ya namna hiyo haiwezi kabisa kutoa waya mnene wa gitaa la besi, unaotikisika mara 41 kwa sekunde. Sikio ndilo linaloimalizia: likisikia mitikisiko ya juu inayozaliwa na waya huo, linajijengea lenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Kwa hiyo karibu kila kitu cha maana katika rekodi zile kimo katikati, mahali ambapo redio ya kijijini ingeweza kukifikisha.

Jambo hili lilinikalia vibaya. Ina maana mama yangu, akipika uani na redio yake ya betri mbili, alikuwa anaisikia bendi ya NUTA Jazz kwa ukamilifu kuliko mimi.

Mgeni akija

Kulikuwa na jambo la pili, nalo lilinichukua muda kulikubali.

Chombo kilikuwa kimeanza kunichagulia nyimbo. Mgeni akija, sikumpigia ninachokipenda; nilimpigia kile ambacho spika zangu zinakipenda. Rekodi mpya za Marekani, amapiano, chochote chenye besi ya kutikisa glasi kabatini. Mlimani Park nilikuwa nawaruka, nikijiambia rekodi zao ni kavu. Hawa ndio Sikinde walioanza mwaka 1978, sauti ya Muhidin Gurumo, utunzi ambao hadi leo watu wanautumia kusuluhisha ugomvi wa ndoa. Nilikuwa nawaruka kwa sababu hawatikisi glasi.

Mapenzi ya muziki yanaweza kuhamishwa taratibu na kifaa bila mwenyewe kuulizwa. Hilo lilinisumbua kuliko gitaa lenyewe.

Aliyenirudisha njiani ni Remmy Ongala. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yeye na bendi yake ya Super Matimila walikwenda kurekodi Uingereza, kwenye studio za Real World, na sauti ya rekodi ile ina nafasi: kila gitaa limepewa mahali pake. Niliisikiliza kwa hedifoni usiku, na kwa mara ya kwanza nikaelewa mpiga rithimu anafanya kazi gani. Solo linaondoka na kurudi. Yeye haondoki. Anarudia kijisehemu kile kile, kifupi, na kila anaporudia anakiweka nyuma kidogo ya tumba au mbele yake kidogo, na hapo ndipo kiuno cha msikilizaji kinapopata amri.

Baada ya kuisikia kazi hiyo mahali ilipo wazi, nikataka kuisikia na mahali ilipojificha.

Vitu vya Darajani

Zanzibar, maeneo ya Darajani, kuna maduka ya vyombo vilivyotumika kutoka ng'ambo. Nilikwenda na rafiki anayewajua wenye maduka. Nikarudi na amplifaya ya Kijapani ya chuma, nzito, yenye vitufe vinavyozunguka kwa uzito wa kuridhisha, na spika mbili za mbao zenye wufa (ya sauti za chini) ya inchi 8 na tuwita (ya sauti za juu), basi. Hakuna boksi la besi. Muuzaji alinishangaa kwamba silitaki.

Amplifaya zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zinatumia umeme wa volti 100. Wetu ni 230. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja, unaiaga. Fundi wangu wa Kariakoo alinifungia transfoma ya kushusha umeme, akaiweka kwenye boksi lake kando, mbali na amplifaya, ili isiingize mngurumo kwenye sauti. Nilimuuliza pia kuhusu mashine ya santuri niliyoiona kule dukani. Akaniambia jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: mashine za santuri zinazozungushwa na mkanda wa mpira, zenye mota ya zamani, hufuata mapigo ya umeme, na Japani magharibi wanatumia mapigo 60 kwa sekunde, sisi 50. Mashine ya kule ikija hapa inazunguka polepole. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika inazunguka kama 28, na mwimbaji wa kike anageuka mwanamume. Za mota ya kisasa zaidi, yenye kidhibiti chake, hazina shida hiyo. Nikatafuta ya namna hiyo.

Spika nazo zilikuwa na ugonjwa wa pwani. Sponji inayozunguka koni ya wufa ilikuwa imegeuka unga. Ukiigusa inabaki kidoleni, nyeusi na yenye kunata. Fundi aliibandua yote kwa subira, akabandika ukingo wa mpira, kisha akaweka vidole vyake pande zote za koni na kuisukuma ndani polepole, sikio karibu kabisa, akisikiliza kama koili inakwaruza. Alirudia mara kadhaa, akigeuza spika kidogo kidogo. Alipotosheka alitingisha kichwa tu, akachukua kazi ya mtu mwingine.

Makofi

Nyumbani mambo hayakuwa matamu mara moja. Sauti ilikuwa wazi lakini kali, na waimbaji walikuwa kama wako bafuni.

Piga kofi moja katikati ya sebule yako. Ukisikia mlio unaokimbia ukutani baada ya kofi, ndio huo utakaosikika juu ya kila wimbo. Nyumba zetu za sasa ni vigae chini, jipsamu juu, vioo vya alumini pembeni. Hakuna kinachomeza sauti. Nyumba ya zamani ya Magomeni, yenye mikeka, mapazia mazito na kitanda sebuleni, ilikuwa bora kwa muziki bila mtu yeyote kukusudia.

Nikatandika zulia nene. Mke wangu akakubali mapazia mazito baada ya mazungumzo marefu, nami nikakubali rangi aliyoitaka yeye. Spika nikazitoa kwenye kona, nikazisogeza mbele kama nusu mita kutoka ukutani. Kona huvimbisha besi, na besi ikivimba inafunika kila kilicho juu yake. Kuzisogeza hakukugharimu hata shilingi, na kulileta mabadiliko makubwa kuliko amplifaya.

Kisha nikabonyeza kitufe cha mono, kinachounganisha sauti ya kulia na ya kushoto kuwa moja.

Kitufe hiki kimo kwenye amplifaya nyingi za zamani na watu wengi hawakigusi. Santuri ya mono imechongwa kwa namna ambayo muziki unaisukuma sindano kulia na kushoto tu. Vumbi na michubuko vinaisukuma pia juu na chini, na katriji ya stereo (kile kichwa kinachobeba sindano) inavisikia vyote. Ukibonyeza mono, ile misukumo ya juu na chini inafutana. Mikwaruzo inapungua, muziki unabaki. Nilijaribu na sahani ya 45 ya Mbaraka Mwinshehe, na solo lake likasimama katikati ya chumba, jembamba na lenye makali, kijana wa Morogoro ambaye ajali ya Mombasa ilimchukua Januari 1979 akiwa bado na mengi mkononi.

Na kwenye kaseti ya Mzee, nyuma ya solo, kulikuwa na gitaa jingine.

"Hilo si langu"

Nilimwita tena. Safari hii sikumwambia kitu. Nikawasha, nikakaa.

Gitaa lilipoingia nilimtazama usoni. Alitabasamu, lakini alikuwa anatabasamia mtu mwingine.

"Huyu marehemu," akasema, akamtaja mwenzake. "Hilo si langu, mwanangu. Hilo ni solo la pili. Mimi nilikuwa naenda hivi."

Akaanza kupiga kwa vidole kwenye mkono wa kochi. Mapigo mafupi, yenye kuruka, yanayoanguka pale ambapo sikuwa nimetegemea. Wimbo ulikuwa unaendelea, naye akaendelea nao, na ghafla mwendo wa besi, ambao siku zote niliuona unasitasita bila sababu, ukawa na sababu. Besi ilikuwa inampisha. Ilikuwa inampisha mtu nisiyemsikia.

Nikamuuliza kwa nini hayumo. Akafikiri.

"Siku ile amplifaya yangu iliwekwa nyuma ya watu wa tarumbeta. Tulipiga wote kwa pamoja, hakuna kurudia kipande. Maikrofoni isiponipata mimi, wewe utanipatia wapi?"

Aliyasema bila uchungu. Mimi ndiye niliyeumia. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeamini kwamba chombo kikiwa kizuri vya kutosha kitatoa kila kitu. Nilibadilisha amplifaya, spika, zulia, mapazia, na mwisho wake nikamfufua mtu mwingine, si niliyemkusudia.

Nimewaza sana kama kazi yote ile ilikuwa na maana. Jibu langu ni kwamba ilikuwa nayo, lakini si ile niliyoanza nayo. Chombo kinaweza kutoa kilichomo kwenye mkanda, hakiwezi kuzidi hapo. Nisingelijua solo la pili lipo, nisingejua pia kwamba rithimu haipo; ningeendelea kudhani nasikia bendi nzima. Na Mzee asingepiga kochi langu.

Masikio yamehamia wapi

Siku hizi nasikiliza kutoka nyuma kwenda mbele. Naanza na rithimu, kisha besi, kisha tumba, halafu nawaruhusu waimbaji waje. Sahani za 45 za Kongo zimenipa raha mpya, zile zilizokatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, unageuza, upande wa pili sebene, magitaa yakiachiwa uwanja. Zamani niliuthamini upande wa kwanza tu. Leo naweza kusikiliza upande wa pili jioni nzima.

Taarabu nayo imenijia kwa mlango huo. Si ile ya vinanda vya umeme, ambayo nayo ina wakati wake. Nasema ile ya Zanzibar ya kanuni (ala ya nyuzi nyingi), udi, fidla na akodiani, ya Ikhwani Safaa na Culture Musical Club. Nilikuwa naiona ya watu wazima, inakwenda polepole mno. Kwenye spika hizi nimeisikia kanuni ikimfuata mwimbaji kwa hatua moja nyuma, ikirudia alichokisema kwa namna yake. Nimekuwa mtu wa kupiga simu Unguja kuulizia kaseti.

Besi ya kutikisa glasi siikosi. Sabufa iko chumba cha watoto, na Jumamosi wanaifanyia kazi.

Mngurumo

Ninachohangaika nacho sasa ni mwendo wa kaseti.

Kaseti inatakiwa kupita sentimita 4.76 kwa sekunde. Deki zetu hazikuwa na nidhamu hiyo. Mkanda ukirekodiwa kutoka redioni kwenye deki moja, ukanakiliwa kwenye nyingine, ukapigwa kwenye ya tatu, sauti ya mwimbaji inaweza kupanda au kushuka na hakuna anayejua ya kweli ni ipi. Bendi nazo hazikutuni kwa kipimo kimoja, kwa hiyo huwezi kusahihisha kwa kutumia magitaa.

Kuna shahidi mmoja, na nilimgundua kwa bahati nilipohamishia wimbo wa Mzee kwenye kompyuta. Programu inayochora mitikisiko ya sauti ilionyesha mistari miwili chini kabisa. Mmoja ulikuwa kwenye 50 kamili, na ulibaki hata kaseti iliposimama: huo ni umeme wa nyumbani kwangu. Wa pili ulikuwa karibu na 52, na ulionekana pale tu kaseti inapozunguka. Huo nao ni umeme, ila wa siku nyingine, ulioingia kwenye mkanda pamoja na muziki. Umeme wetu ni mapigo 50. Ukisomeka 52, maana yake mkanda unakimbia kwa kiasi cha asilimia 4, zaidi ya nusu ya nusu-toni. Nikaurudisha taratibu hadi mstari wa pili ukalala kwenye 50, na mwimbaji akapata kifua.

Sina hakika kama mngurumo huo ni wa Barabara ya Pugu au wa sebule ya mtu aliyenakili baadaye. Kama ni wa sebuleni, nimesahihisha safari ya mwisho tu, na zile za kabla bado zimepinda. Natafuta nakala nyingine ya wimbo huo huo, iliyopitia mikono tofauti, nilinganishe.

Kwa hiyo ninaomba. Kama una kaseti za miaka ya 1970 na 1980 zilizorekodiwa redioni na unataka kuzihamisha, zikague kwanza kama zina ukungu kabla ya kuziweka kwenye deki. Halafu mwambie kijana anayekuhamishia asisafishe sauti. Programu za kusafisha mara nyingi huondoa mngurumo, na shahidi anaondoka nao. Nakala ya kwanza aiache na kila uchafu wake, aihifadhi hivyo hivyo, na kusafisha afanye kwenye nakala ya pili.